Pikipiki kuukuu: Pima mfumo wa kuchaji kabla ya kununua betri nyingine

KATIKA mji wa Bangale, ulioko kando ya barabara kuu ya Thika kuelekea Garissa katika Kaunti ya Tana River, pikipiki si chombo cha matembezi. Ndiyo inayompeleka mfugaji malishoni na sokoni, ndiyo inayobeba mitungi ya maji na magunia ya unga, na usiku wa manane ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito kwenye kituo cha afya kilicho mbali na manyatta yao.

Kwa sababu hiyo, taa ya pikipiki inapofifia gizani, hilo si tatizo dogo. Njia za huko hazina taa za barabarani. Ngamia na ng'ombe huvuka wakati wowote, na malori ya masafa marefu hupita kwa kasi usiku kucha. Mwendeshaji asiyeona, na asiyeonekana, amejiweka yeye na abiria wake katika hatari kubwa.

Hata hivyo, tiba inayotolewa na wengi ni moja tu: kununua betri mpya. Betri hiyo hufanya kazi kwa wiki kadhaa au miezi michache, kisha nayo hufa kama iliyotangulia. Mwenye pikipiki hulaumu duka, duka hulaumu kiwanda, na fedha za watoto huishia kwenye betri. Aghalabu betri haikuwa na kosa. Ilikufa kwa sababu mfumo wa kuichaji haukuwa ukiilisha ipasavyo, au ulikuwa ukiilisha kupita kiasi.

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, namna ya kuukagua hatua kwa hatua kwa kutumia mita ya bei nafuu, na mambo yanayoweza kufanywa ili pikipiki kuukuu itoe mwanga na chaji ya kutegemewa.

Pikipiki zinazohusika

Kabla ya biashara ya bodaboda kushamiri, pikipiki nyingi zilizoonekana maeneo kame zilikuwa za machifu, maafisa wa mifugo, wahudumu wa afya na mashirika ya misaada. Zilikuwa hasa Yamaha, Honda na Suzuki. Honda CG125, iliyozinduliwa mwaka 1976, ndiyo iliyokuwa kielelezo cha pikipiki nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa baadaye nchini Uchina.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa Ushuru wa Thamani ya Ziada (VAT) kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sisi 250. Tangu hapo pikipiki za Uchina na India zilijaa hadi vijijini. Nyingi kati ya hizo sasa ni kuukuu, zimebadilisha mikono mara kadhaa, na nyaya zake zimekatwa na kuunganishwa na mafundi wengi, kila mmoja kwa mtindo wake.

Umeme hutoka wapi?

Mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya uliosokotwa, umeme huzaliwa katika waya huo. Magneto ya pikipiki hutumia kanuni iyo hiyo. Gurudumu lenye sumaku hufungwa kwenye ekseli ya injini, nalo huzunguka likizingira koili za waya wa shaba zilizofungwa mahali pamoja bila kusogea.

Umeme unaotoka kwenye koili ni mkondo geu, yaani unabadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Betri haiwezi kuhifadhi umeme wa aina hiyo. Kwa hivyo hupitishwa katika kijisanduku chenye mapezi ya alumini ambacho mafundi wengi hukiita rektifaya. Kijisanduku hicho kina kazi mbili: kuugeuza umeme uelekee upande mmoja, na kuzuia volti zisizidi kiwango ambacho betri inaweza kustahimili.

Kutoka hapo umeme huingia kwenye betri, kisha kupitia fyuzi na swichi ya ufunguo huenda kwenye honi, indiketa na taa ya breki. Njia ya kurudi ni fremu ya pikipiki yenyewe, kupitia waya wa ardhi unaoungana na ncha hasi ya betri.

Ni muhimu kufahamu kwamba katika pikipiki nyingi za zamani taa kubwa ya mbele haitegemei betri kabisa. Hulishwa moja kwa moja na koili. Ndiyo maana taa hiyo hufifia injini inapotulia na kung'aa injini inapoongezwa kasi. Aidha, katika pikipiki hizo rektifaya hutumia nusu tu ya mkondo geu kuchaji betri na kuiacha nusu ya pili. Mpangilio huo ulikuwa wa gharama ndogo, nao ulitosha enzi ambapo pikipiki ilikuwa na taa moja na honi, wala hakukuwa na simu ya kuchajiwa safarini.

Kwa nini ugonjwa huu hujificha

Pikipiki nyingi ndogo zina koili ya pekee ndani ya magneto kwa ajili ya cheche ya plagi. Pikipiki ya namna hiyo huwaka kwa kiki hata kama betri imekufa kabisa. Mwendeshaji huzoea kupiga kiki, husahau kitufe cha kuwashia, na huendelea na kazi kwa miezi bila kujua kwamba hakuna chaji inayoingia.

Nyingine hutegemea betri hata kwa cheche. Hizo hazimpi mwenyewe nafasi ya kusahau, kwani betri ikiisha injini huzima, popote ilipo.

Dalili zinazopaswa kumshtua mwenye pikipiki ni hizi: honi yenye sauti ya kukwama, indiketa zinazowaka bila kupepesa, kitufe cha kuwashia kinachotoa mlio mdogo tu, balbu zinazoungua mara kwa mara, maji ya betri yanayopungua upesi, na harufu kali kama ya yai bovu karibu na betri. Dalili nne za kwanza zinaweza kuashiria upungufu au ziada ya umeme. Mbili za mwisho ni ishara ya kuchaji kupita kiasi.

Joto na vumbi

Mazingira ya Bangale ni magumu kwa vifaa vya umeme. Miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 35 za selsiasi, na chini ya kiti cha pikipiki iliyoegeshwa juani huwa kali zaidi. Wataalamu wa betri za risasi na asidi hukadiria kwamba maisha ya betri hupungua kwa takriban nusu kila joto lake la kawaida linapopanda nyuzi 10 juu ya nyuzi 25.

Vumbi nalo hujaza mapezi ya rektifaya na kuifanya ishindwe kupoa. Kisha huja maji. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili 2024 yaliyokata barabara katika eneo la Mororo, Madogo, yaliacha vyombo vingi vya usafiri vimelowa. Soketi ya nyaya iliyoingia maji yenye matope huanza kuoza ndani, na uozo huo hujitokeza miezi mingi baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kusahau mafuriko.

Vifaa vya ukaguzi

Kinachohitajika ni mita ya umeme ya tarakimu, bisibisi, spana za kawaida, msasa laini, brashi ya waya, grisi kidogo, tepu nzuri ya umeme na kipande cha waya mnene. Mita hiyo lazima iweze kupima volti za mkondo wa moja kwa moja, volti za mkondo geu, ukinzani kwa omu, na mkondo hadi ampea 10.

Tahadhari mbili zizingatiwe tangu mwanzo. Kwanza, waya wa ncha hasi ndio unaofunguliwa mwanzo na kurudishwa mwisho, ili spana isigonge fremu na kusababisha cheche. Pili, betri isiondolewe kamwe injini ikiwa inanguruma. Katika pikipiki nyingi betri husaidia kutuliza volti, na ikiondolewa, volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza balbu, rektifaya au hata kifaa cha cheche.

Hatua ya kwanza: Betri yenyewe

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haijabadilika sana katika misingi yake. Ile ya volti 12 ina seli 6, na kila seli hutoa volti 2.1 ikiwa imejaa.

Pikipiki iachwe bila kuwashwa kwa saa kadhaa, kisha mita iwekwe kwenye ncha mbili za betri. Usomaji wake ni kama ifuatavyo:

Volti 12.6 hadi 12.8: betri imejaa.
Volti 12.4: imebaki takriban robo tatu.
Volti 12.2: imebaki nusu.
Volti 12.0: imebaki robo hivi.
Volti 11.8 au chini: ni tupu.

Betri inayoachwa tupu kwa siku nyingi hujenga ukoko mgumu wa salfati kwenye mabamba yake, na baadaye hukataa kupokea chaji. Ikiwa betri imechajiwa kikamilifu nje ya pikipiki na bado inasoma karibu na 10.5, yamkini seli moja imekufa. Betri hiyo haina dawa.

Usomaji mzuri pekee hautoshi. Ufunguo ufunguliwe, breki ikanyagwe na indiketa ziwashwe kwa dakika moja au mbili. Volti zikiporomoka chini ya 11.5, betri ina umbo tu, nguvu haina. Kwa pikipiki yenye kitufe cha kuwashia, volti zisishuke chini ya 9.6 wakati injini inazungushwa.

Kwa betri zinazoongezwa maji, kiwango kiwe kati ya alama mbili za ubavuni. Yatumike maji maalum ya betri yanayouzwa kwenye chupa. Maji ya kisima yana chumvi na madini yanayoharibu mabamba. Asidi nayo isiongezwe kwenye betri inayotumika, kwani kinachopungua kwa joto na kuchaji ni maji, si asidi.

Hatua ya pili: Volti injini ikinguruma

Hiki ndicho kipimo chenye manufaa kuliko vyote, nacho huchukua dakika moja. Betri iwe na chaji ya kutosha, mita ibaki kwenye ncha zake, injini iwashwe na kuongezwa kasi hadi kufikia mngurumo wa safari ya kawaida.

Volti zikipanda na kutulia kati ya 13.5 na 14.5, mfumo unachaji vyema. Zikibaki pale pale zilipokuwa kabla ya kuwasha, au zikishuka, hakuna chaji inayofika. Zikipita 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti, au waya wake wa ardhi ni mbovu, na betri inachemshwa polepole.

Kisha taa zote ziwashwe na kipimo kirudiwe. Pikipiki inayosoma 14 bila taa na kushuka hadi 12.5 taa zikiwaka inazalisha umeme, lakini hauutoshelezi mzigo wake. Kuinunulia betri mpya ni sawa na kununua pipa kubwa wakati mfereji wenyewe unatiririka kidogo.

Hatua ya tatu: Viungo na waya wa ardhi

Mafundi wengi huruka hatua hii, ilhali hapa ndipo penye maradhi mengi ya pikipiki kuukuu. Kutu ndogo kwenye soketi au boliti iliyopakwa rangi hutosha kuzuia umeme usipite.

Injini ikiwa katika kasi ya wastani na taa zikiwaka, ncha moja ya mita iwekwe kwenye waya wa rektifaya unaoelekea betri, na ncha ya pili kwenye chanya ya betri. Usomaji ukizidi volti 0.3, umeme unapotea njiani. Kipimo hicho hicho kifanywe kati ya waya wa ardhi wa rektifaya na hasi ya betri.

Tiba yake ni ya gharama ndogo: kufungua viungo, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kupaka grisi kidogo baada ya kukaza, na kukata sehemu ya waya iliyogeuka nyeusi au ya kijani. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga kwa tepu viondolewe, badala yake nyaya ziunganishwe kwa solda au kwa vibanio vya shaba.

Rangi za nyaya zichukuliwe kwa uangalifu. Katika Honda na pikipiki nyingi zilizofuata mtindo wake, kijani ni ardhi na nyekundu huenda kwenye betri. Yamaha hutumia nyeusi kwa ardhi, na Suzuki hutumia nyeusi yenye mstari mweupe. Katika pikipiki iliyopita mikono mingi, rangi si ushahidi. Mita ndiyo ya kuaminiwa.

Hatua ya nne: Koili za magneto

Injini izimwe na soketi ya koili itenganishwe na rektifaya. Kwa magneto yenye nyaya tatu za rangi moja, ukinzani kati ya kila nyaya mbili uwe mdogo, aghalabu chini ya omu 2, na usomaji wote utoshane. Pasiwe na mawasiliano yoyote kati ya nyaya hizo na mwili wa injini. Yakiwepo, koili imeungua na kugusa chuma.

Kwa magneto za zamani ambazo koili imefungwa kwenye mwili wa injini upande mmoja, mawasiliano hayo ni ya kawaida na hayamaanishi kuharibika. Fundi asiyefahamu tofauti hii huweza kuhukumu koili nzima kuwa mbovu.

Kisha injini iwashwe soketi ikiwa bado imetenganishwa, na mita iwekwe kwenye volti za mkondo geu. Usomaji unapaswa kupanda kwa utaratibu kadiri kasi inavyoongezeka, hadi kufikia makumi ya volti. Vidole visiguse nyaya hizo. Usomaji usiopanda ni dalili ya koili iliyoungua au sumaku iliyopoteza nguvu.

Ikiwa koili ni nzima, viungo ni safi na betri bado haichajiwi, hapo ndipo rektifaya inapostahili kulaumiwa na kubadilishwa.

Hatua ya tano: Umeme unaovuja

Wakati mwingine pikipiki huchaji vyema mchana, lakini betri huamka ikiwa tupu. Ili kuthibitisha, ufunguo hufungwa, waya wa hasi hufunguliwa, na mita iliyowekwa kwenye ampea huunganishwa kati ya waya huo na betri. Usomaji unapaswa kuwa sufuri au miliampea chache tu. Injini isiwashwe mita ikiwa hapo, kwani fyuzi yake itaungua.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya ampea-saa 5, kwa mfano zile zenye alama ya 12N5, ikivujisha miliampea 50 itamalizika kwa saa 100, yaani siku nne na ushei. Washukiwa wakuu ni king'ora cha kuzuia wizi, redio, chaja ya simu iliyounganishwa moja kwa moja na betri, na rektifaya yenye daiodi mbovu.

Kuboresha kwa mpangilio

Baada ya ukaguzi na matengenezo, ndipo swali la kuboresha linapokuja. Mpangilio ufuatao huanza na lenye gharama ndogo na faida kubwa.

Kwanza ni waya wa ardhi. Waya mnene wa milimita mraba 2.5 ufungwe kutoka mwili wa injini na rektifaya hadi hasi ya betri, badala ya kutegemea boliti za fremu zilizopakwa rangi na kushika kutu.

Pili ni fyuzi. Iwe karibu na betri na ya kiwango kilichopendekezwa na mtengenezaji, kwa kawaida ampea 10 hadi 15. Desturi ya kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi imechoma pikipiki zilizobeba petroli katikati ya mapaja ya mwendeshaji.

Tatu ni mahali pa rektifaya. Iondolewe chini ya plastiki na kufungwa kwenye chuma kitupu panapopita upepo, na mapezi yake yasafishwe vumbi na matope kila mara.

Nne ni kubadili mfumo wa nusu mkondo kuwa wa mkondo kamili. Fundi hufungua kifuniko cha magneto, akimwaga oili kwanza ikiwa koili hukaa ndani ya oili. Ncha ya koili ya taa na chaji iliyofungwa kwenye chuma hukatwa, huvikwa mrija unaostahimili joto na kutolewa nje kwa waya wake. Ncha mbili za koili huingizwa kwenye rektifaya ya mkondo kamili, na taa ya mbele huhamishiwa upande wa betri. Koili ya cheche haiguswi. Matokeo yake ni kwamba nusu ya mkondo iliyokuwa ikipotea sasa huchaji betri, na taa haififii tena kila injini inapotulia.

Kazi hiyo yahitaji fundi mwenye mkono mtulivu. Solda ikiwa dhaifu, joto na mtikisiko wa injini huifungua, na kuirudia ni kufungua injini upya.

Tano ni kupunguza mzigo. Chukua pikipiki yenye taa ya mbele ya wati 35, taa ya nyuma wati 5, za mita wati 3 na chaja ya simu wati 10. Jumla ni wati 53. Breki ikikanyagwa huongezeka wati 21, na indiketa mbili wati 20, hivyo kufikia 94. Taa ya mbele ya LED yenye wati 12 hushusha mzigo wa kudumu kutoka wati 53 hadi 30.

Hata hivyo, balbu za LED zina masharti yake. Nyingi hutaka mkondo wa moja kwa moja, hivyo huharibika zikiwekwa kwenye taa inayolishwa na koili. Indiketa za LED huhitaji kipepesi chake. Zaidi ya hayo, balbu iliyowekwa kwenye kioo kisichoifaa hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele.

Kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Rektifaya za kawaida hudhibiti volti kwa kuugeuza umeme wa ziada kuwa joto. Mzigo ukipungua, ziada huongezeka na rektifaya huchemka zaidi. Kwa hiyo anayeweka LED ahakikishe kwanza kwamba rektifaya yake inapata upepo.

Sita, na mwisho, ni betri. Inunuliwe ile ya ukubwa uliopendekezwa. Betri kubwa huhifadhi zaidi lakini haizalishi chochote, na magneto dhaifu haitaijaza kamwe. Betri zilizofungwa kabisa hustahimili mitikisiko na haziongezwi maji, lakini hufa upesi zaidi zikichajiwa kupita volti 14.8, kwa kuwa maji yanayopotea hayarudishwi.

Pikipiki za volti 6

Baadhi ya pikipiki za miaka ya 1970 na 1980 hutumia volti 6, na vipuri vyake ni adimu. Yawezekana kuzibadili kwa kuweka betri, rektifaya, balbu, honi na kipepesi cha volti 12. Koili nyingi huweza kufikisha volti hizo injini ikiwa na kasi, japo kwa mkondo mdogo zaidi. Pikipiki ya aina hiyo itahitaji balbu za LED ili mzigo uwe mwepesi. Balbu hata moja ya volti 6 ikisahauliwa, itaungua papo hapo.

Msaada wa jua

Kwa mwenye pikipiki inayoegeshwa kwa siku nyingi, jua la Tana River ni chaja ya bure. Betri hupendelea kuchajiwa kwa mkondo usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 0.5 kwa betri ya ampea-saa 5. Paneli ya wati 10 hutoa takriban kiwango hicho hicho.

Paneli hiyo isiunganishwe moja kwa moja. Paneli za volti 12 huweza kufikisha volti 20 au zaidi zikiwa hazina mzigo, kwa hivyo kidhibiti chaji ni cha lazima. Kazi hiyo ifanywe mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Betri iliyokufa isitupwe

Risasi iliyo ndani ya betri ni sumu, hasa kwa watoto. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliijua hasara hiyo baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuchafua mazingira yao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo, lakini Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024.

Kwa hiyo betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima au malambo ya mifugo, na risasi yake isiyeyushwe jikoni. Irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi wa betri kuukuu.

Ratiba ya ukaguzi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha volti injini ikinguruma kifanywe kila oili inapobadilishwa. Viungo na waya wa ardhi vikaguliwe kila baada ya msimu wa mvua. Maji ya betri yatazamwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe na taa zinazofanya kazi gizani. Lakini hata pasipo na polisi wa trafiki, mita moja inayoshirikiwa na wahudumu wote wa steji moja ingeokoa betri nyingi zinazotupwa bila hatia. Yatosha mmoja wao ajue kuisoma, na awafundishe wenzake.